Siku Niliyoyajaza Upepo Matairi ya Sabra

Mpaka leo naona haya kupita mbele ya fundi wa pancha, na mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu kumi na mmoja na meno yake ya mbele yote, hana sababu ya kumwonea haya mtu anayeziba mipira. Lakini naona. Nikisikia tu ile mashine yake ya upepo inavyonguruma, navuta buibui usoni nakata kichochoro cha pili, hata kama kinanizungusha. Aliyenitia aibu hii simlaumu wala simwapizi, kwa sababu ni mie mwenyewe, mie na hiki kidole gumba changu cha mkono wa kulia.

Ngojeni nikuelezeni hiki kidole. Mie nashona mito ya usufi, nyumbani kwetu Mkunazini, ghorofa ya pili, tangu nilipoolewa. Skuli nilikwenda mpaka darasa la tatu nikatolewa nije kulea wadogo zangu, kwa hiyo kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, nambari nazijua, lakini mto naujua kuliko daktari anavyomjua mgonjwa. Mto ukishashonwa naubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama, naufumua, naujaza upya mpaka ukaze kama tumbo la kifaru (kifaru sijapata kumwona, lakini nadhani hazami). Kwangu mie kitu kilegevu ni kitu kilichoshindwa. Mto mlegevu ni aibu ya mshonaji, shuka legevu ni aibu ya mwenye nyumba, na ukinipa embe nitalibonyeza kwanza kabla sijasema ahsante.

Sasa huyo Sabra ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa Khamis, Mungu amrehemu. Khamis aliacha gari lake la jipu, lile refu la miguu juu, na katika watoto wake wote ni huyu Sabra tu aliyekuwa akilala chini yake na baba yake, anampa spana. Mtoto wa kike mfupi, mwembamba, ushungi umejaa grisi. Alipofariki baba yake akataka gari abaki nalo yeye, awe anachukua watu wanaokwenda huko mashamba na pwani ambako gari ndogo hazifiki, ndiyo iwe kazi yake. Ndugu yake Haji akaridhia. Ami yake, Othman, mwanangu wa pili, ambaye ndiye aliyesimamia mirathi, hakuridhia. Alisema mwanamke na jipu wapi na wapi, litakwama siku ya kwanza na watu watatucheka, bora liuzwe kila mtu apate haki yake. Mie nikasimama kati. Nikasema mtoto apewe safari moja ya kupimwa. Othman akafikiri, akasema sawa: Haji anaoa huko upande wa Makunduchi, Sabra apeleke begi la bibi harusi kwa gari hilo mpaka mlangoni kwa wakwe. Akifika, gari lake. Akikwama, funguo anakabidhi na habari yake haitasemwa tena.

Mie nikamjibu mwanangu kwa kiburi changu chote, "Atafika, na wewe utakuwepo uone."

Basi jambo la kwanza lilikuwa matairi, maana ya zamani yalikuwa yamepasuka pasuka kama visigino vya mvuvi. Nikamfuata Sabra mpaka duka la matairi Mwanakwerekwe, nikitaraji atachukua dakika tano. Alichukua saa nzima. Mie macho yangu yalikwenda kwenye tairi moja jembamba, jeusi tititi, linang'ara kama kiatu cha bwana harusi, na nikabonyeza: halizami hata nukta. Nikasema mjukuu wangu, ni haya. Akacheka. Akaja, akalishika ubavuni, akasema, "Bibi, hili la lami. Ubavu wake kama ganda la yai, jiwe la kule likiligusa mara moja limekwisha." Yule muuzaji naye akamletea tairi la meno makubwa kama mamba, akamwambia hili ndilo la wanaume, na Sabra akalikunja, akalinusa (walahi alilinusa), akapitisha kidole kwenye maandishi yaliyochongwa ubavuni akiyasoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba, kisha akalirudisha. Akasema meno makubwa hivyo kwenye mchanga yanachimba, gari linajizika lenyewe. Akachukua yaliyo baina, meno ya wastani, ubavu mnene, ya mtumba lakini hayajazeeka, maana mpira nao una umri wake umeandikwa pale pale.

Nikamtazama. Mtoto huyu nimempakata, nimemtoa kamasi, na sasa anajua umri wa mpira. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza njia nzima, na mie si mtu wa kunyamaza.

Siku yenyewe ikafika. Wanaume walitangulia na basi lao, walikuwa waliache msikitini kwenye ardhi ngumu wamalizie kwa miguu, na ndoa ifungwe baada ya Alasiri. Sisi wanawake tulikuwa wanne, Sabra kwenye usukani, mie mbele kwa heshima yangu, na dada zangu wawili nyuma wamelikumbatia begi. Na begi lenyewe, jamani, nililipanga mie: kanga, vitenge, kanzu mbili, udi, viatu, na nguo ya kutokea bibi harusi, kwa hiyo bila ya lile begi bibi harusi hatoki. Na begi halibebwi kichwani kama kuni. Linafika mlangoni, kwa vigelegele, mbele za watu. Hiyo ndiyo heshima ya upande wa mume na mie nilikuwa nimeivalia: buibui jipya, dhahabu yangu, na viatu vya mchuchumio ambavyo dada zangu walinikataza.

Lami ikatuishia. Tukasimama kwenye msikiti mdogo wa njiani tuswali Adhuhuri. Kabla ya kuingia, Sabra alizunguka gari na kile kidude chake cha kupimia upepo, geji, akachuchumaa kwenye kila tairi, likapiga ssss, ssss, mpaka yote manne. Akaniambia yalikuwa thelathini na nne, sasa ameyaweka ishirini, yanatosha kwa mawe kidogo na mchanga mwingi ulioko mbele. Kwa kuwa chumba cha wanawake kilikuwa kidogo, mie nikaswali kwanza, kisha nikabaki nje kulilinda begi, wao wakaingia.

Hapo ndipo shetani na kidole changu walipokutana.

Nikayatazama yale matairi. Yalikuwa yamebweteka chini, yamevimba ubavuni kama mashavu ya mtoto anayelia. Nikabonyeza. Ah, si kuzama kwenyewe (tairi halizami kama mto, nimeshajua), lakini kwa macho yangu lilikuwa legevu. Nikawaza, twende kwa wakwe hivi? Bi Mize, mama yake bibi harusi, ambaye nasikia ana ulimi wa wembe, aone gari la watu wa mjini limechoka, limekaa kitako? Watasema tumekuja na gari la kuazima, la pancha. Nikawaza pia kwamba Sabra ni mtoto, huenda amekosea nambari. Na pembezoni mwa msikiti, chini ya bati, kulikuwa na fundi wa pancha, mzee wa rika langu mwenye kofia, amekaa na mashine yake ya upepo kana kwamba amewekwa pale makusudi.

Nikamwita, nikamwambia ajaze yote manne.

Akayaangalia. "Bi mkubwa, mwenye gari kasema?"

"Mwenye gari ni mjukuu wangu," nikamwambia, "na mwenye mjukuu ni mie."

"Kule mbele kuna mchanga."

"Mchanga naujua. Jaza mpaka yalie."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi anayeingia barabarani, kisha akajaza. Nikabonyeza. Yamekaza, matamu, kama mito ya bibi harusi. Nikampa ahsante yake nikapanda garini, nimekaa kama malkia.

Sabra alitoka msikitini mbio mbio kwa sababu Othman alishapiga simu mara mbili anauliza kama tumekwama, hakutazama chini, akawasha gari tukaenda. Na ile njia ya mawe! Gari lilikuwa linaturusha mpaka dhahabu yangu inapiga kelele, dada zangu nyuma wanasoma kila dua wanayoijua. Sabra akakunja uso, akasikiliza, akauliza, "Bibi, mbona leo gari inaruka hivi?" Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pale kwa fundi, maana nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia, "Mawe, mjukuu wangu. Si unaona mawe?" Akaniamini. Mtoto aliyelelewa vizuri anamwamini bibi yake, ndiyo hasara yake.

Mchanga tukaukuta baada ya minazi ya mwisho, mweupe, mlaini kama unga wa muhogo, na mwisho wake hatua kama thelathini nyumba ya wakwe, mlango wazi, wanawake wamejipanga na kanga zao sare, Bi Mize mbele ameshika chetezo cha udi. Vigelegele vikaanza. Mie nikatengeneza ushungi wangu. Gari likaingia mchangani hatua tano, sita, kumi, likapunguza mwendo, likaguna, likasimama. Magurudumu yanazunguka, sisi hatwendi. Mchanga ukaruka nyuma kama mvua, vigelegele vikakatika kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha kibibi kimoja kiziwi ambaye hakujua kama mambo yameharibika.

Sabra alizima pale pale, hakutaka kulichimbia zaidi. Kisha kutoka kwenye safu ya wanawake sauti ikauliza, kwa upole kabisa, "Mmeleta begi au mmekuja kupanda muhogo?" Maana mashimo ya magurudumu yalikuwa yameshakuwa ya kutosha.

Othman akaja na kanzu yake nyeupe, anatembea polepole kama mtu aliyejua siku nyingi. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu dirishani. "Funguo, Sabra."

"Ami, nipime kwanza."

Akashuka na geji yake. Mie nami nikashuka kumfuata, na viatu vyangu vya mchuchumio vikazama mpaka kisigino, nikaviacha humo humo vimesimama wima kama vijiti vya kaburi, nikasogea peku. Sabra akachuchumaa kwenye tairi la mbele, na nikamwona amesita kabla hata ya kupima, kwa sababu yule fundi hakurudisha kifuniko cha mpira wa upepo. Akapima. Nikaiona sindano kwa macho yangu: arubaini. Akalipima la pili. Arubaini. Kisha akainua kichwa akanitazama mie.

Alijua. Nakwambieni alijua wakati ule ule. Nani mwingine alibaki na gari? Nani mwingine anabonyeza vitu? Nikasema sasa atanisema mbele za watu, na haki yake. Sabra akainuka, akapangusa magoti, akachukua ufunguo wa gari la baba yake akautia mkononi mwa ami yake.

Nimezika mume, nimezika mtoto, lakini sijapata kuona kitu kama kile kimya. Mtoto alikuwa tayari kulikosa gari, kazi, na kumbukumbu ya baba yake, lakini bibi yake asifedheheke mbele ya wakwe. Na mie, Mungu anisamehe, nilikaa kimya bado. Ulimi wangu huu mrefu ulikuwa umejikunja mdomoni kama konokono.

Othman akapanda, akasema ngojeni nilitoe mie mwanamume. Akaliwasha, akalikanyaga mafuta, gari likalia kwa nguvu zake zote, mchanga ukaruka ukamfika Bi Mize mpaka kwenye chetezo ukauzima udi, na jipu likashuka, likashuka, mpaka likakalia tumbo kama kuku anayeatamia. Othman akatoka jasho linamtiririka, akasema mbele ya wote kwamba gari bovu, dereva mbovu, na kesho asubuhi linauzwa.

Hilo "dereva mbovu" ndilo lililonifungua.

"Othman," nikasema, "rudisha funguo. Matairi nimeyajaza mie."

Watu wote wakanigeukia. Nikaeleza yote, nilivyobaki na begi, nilivyomwita fundi, nilivyomwongopea mtoto njiani eti ni mawe. Nikasema Sabra aliyaweka ishirini na mie nikayatia arubaini kwa kidole changu, na kama kuna mtu wa kunyang'anywa kitu hapa basi ninyang'anywe mie hicho kidole.

Bi Mize akaja mpaka karibu yangu. "Mkwe wangu, uliyajaza kwa nini?"

"Nisionekane nimekuja kwako na gari limechoka."

Akanitazama. Akainua kanga yake kidogo, akanionyesha miguu yake. Bi Mize analima mwani, miaka mingi anasimama kwenye matope ya pwani, na vidole vyake vimefunguka kama kipepeo, unyayo umetandaa. "Hii imechoka, Bi Zuwena?" akauliza. Kisha akavitazama viatu vyangu vilivyosimama peke yao kule nyuma, akavitazama muda mrefu. Wanawake wote walikuwa wameshaanza kucheka, na dada zangu, hasidi wakubwa, walicheka kuliko wenye mji.

Othman akamrudishia Sabra ufunguo. Alimwambia amejaribu mwenyewe ameshindwa, kwa hiyo akilitoa yeye, maneno yamekwisha. Sabra akaupokea, akanigeukia na ile geji.

"Bibi, ulijaza wewe. Utatoa wewe. Tutaishia kumi na tano."

Basi nikapiga magoti. Kwa buibui jipya, kwa dhahabu, mgongo wangu mpana umewaelekea wakwe (na mie ninao mgongo, wanaonijua wanajua), nikabonyeza ile pini ya kutolea upepo kama alivyonionyesha. Upepo ukanipiga na mchanga wake machoni. Nyuma yangu wanawake wakanitungia wimbo hapo hapo, kwamba mkwe wa mjini ameshushwa pumzi, na wakaupigia makofi. Arubaini, thelathini na mbili, ishirini na tano. Sabra ananisomesha sindano na mie naitikia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani. Na ilipofika kumi na tano nikaona kitu ambacho sitakisahau: lile tairi, mbele ya macho yangu, lilijifungua. Likatandaa. Lilikuwa limesimama kwa ncha kama kiatu changu, likawa limelala kwa unyayo kama mguu wa Bi Mize, na ule ulegevu nilioutukana ndio ulikuwa mguu wenyewe. Subhanallah. Nikabaki nimekodoa, mkono juu ya mpira, wanaimba wala siwasikii tena.

Sabra akafukua mchanga mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari, Bi Mize na wenzake wakaleta makumbi ya nazi wakayapanga, Othman naye akavua kanzu akafukua (nilimwona). Mtoto akapanda. Hakulikanyaga mafuta kama ami yake. Aliliwasha kidogo tu, akalisukuma polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na lile dude zito, chuma kitupu, likainuka kutoka shimoni, likapanda juu ya makumbi, likashika mchanga, likaenda. Lilipita mbele yangu kimya kama paka anayevuka ukumbi, na nyuma yake likaacha alama pana, za juu juu, kama mchanga wenyewe umepigwa pasi. Ule mchanga niliozama mie kwa visigino viwili, gari zima lilitembea juu yake.

Sikupiga kigelegele. Nilikuwa nalia. Aliyepiga ni Bi Mize, na huyo mama ana mapafu.

Begi likaingia mlangoni, ndoa ikafungwa, bibi harusi akatoka na nguo yake, na kwenye biriani watu wote walikuwa wananitumikia kwa kunipimia: "Bibi, tukujazie au ishirini inatosha?" Nilikula, nifanyeje. Wakati wa kurudi tukasimama kwa yule fundi kujaza upepo wa lami, na akaniuliza mie, macho makavu kabisa, tujaze mpaka wapi. Nikamwambia amuulize dereva. Akanirudishia vifuniko vyangu vinne, alikuwa ameviweka kwenye mfuko wa shati.

Leo gari ni la Sabra, na huko kusini wanamjua kwa jina lake. Othman akipata wageni anamwita yeye, na anaongea kana kwamba alikuwa upande wake tangu mwanzo. Mie nimeapa: sitagusa tena kitu nisichokijua kwa kidole hiki, na mtu akiniambia hivi ndivyo inavyotakiwa, nitauliza kabla sijarekebisha.

Wiki iliyopita Sabra kaniomba mto wa kiti cha dereva, maana ni mfupi na njia zake ni ndefu. Akasema, "Bibi, usiukaze sana." Nikaujaza. Nikaweka kidole gumba juu yake, kikazama. Mkono ukaniwasha, usufi ulikuwa tele pembeni, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikatia uzi kwenye sindano, nikaushona hivyo hivyo.